MAILI MIA TANO ZA INDIANAPOLIS, NA MIKONO INAYOZIENDESHA



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea habari za mishahara, mikataba na kesi zilizo mbele ya afisa wa kazi. Safari hii tunaandika juu ya mbio za magari. Msishangae. Katika ziara za matawi, kuanzia Hima mpaka Bwera, vijana wetu huzungumza habari za magari kuliko habari za katiba ya chama. Wengi wameona kwenye simu zao yale magari ya Marekani yanayozunguka na kuzunguka bila kwenda popote, wakauliza: hawa watu wanashindania nini hasa? Swali hilo ni zuri. Na jibu lake linatuhusu sisi wa viwandani na mashambani, kwa sababu mbio hizo zimeandikwa kwa majina ya madereva, lakini zimejengwa na kulindwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Sisi wa Afrika Mashariki tunazijua mbio za namna nyingine. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika tope na vumbi la barabara zile zile zilizopitwa na malori ya kahawa na pamba. Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, alizishinda miaka ya 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, wa ukoo ule wa Mehta wenye mashamba ya miwa ya Lugazi, alizishinda mara tano: mwaka 1973, kisha 1979 mpaka 1982 bila kukatiza. Ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka mmoja baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Katika Safari, adui wa dereva ni njia yenyewe: mto uliofurika, jiwe lililofichwa, ng'ombe. Katika mbio za Indianapolis njia ni laini kama meza, na adui ni mwendo.

Kiwanja chenyewe kina umbo la yai lililokatwa pembe nne. Mzunguko mmoja ni maili mbili na nusu, yaani kilomita 4. Kuna njia mbili ndefu zilizonyooka, kila moja kilomita 1. Kuna njia mbili fupi za mita 200. Na kona nne za mita 400 kila moja. Kona hizo zimeinuliwa kidogo upande wa nje, kama digrii 9, ili gari lisitoke nje kwa urahisi. Magari 33 huzunguka mara 200, siku zote yakikata kushoto, mpaka yatimize maili 500, ambazo ni kilomita 800 na kidogo. Ukitaka kuipima safari hiyo kwa kwetu, ni karibu kutoka Kasese kwenda Kampala na kurudi. Tofauti ni kwamba sisi tunaondoka alfajiri na kurudi tumechoka usiku wa siku hiyo au ya pili, na wao humaliza kwa muda wa saa tatu hivi. Mwaka 2021 Helio Castroneves wa Brazil alimaliza kwa mwendo wa wastani wa kilomita karibu 307 kwa saa, na hapo zimehesabiwa pamoja nyakati zote alizosimama kutia mafuta na kubadili tairi.

MATOFALI MILIONI TATU NA LAKI MBILI

Kiwanja kilijengwa mwaka 1909 na matajiri wanne wa mji wa Indianapolis: Carl Fisher, James Allison, Arthur Newby na Frank Wheeler. Fisher na Allison walipata mali yao katika kiwanda cha mitungi ya gesi ya taa za motokaa, kiwanda ambacho kililipuka zaidi ya mara moja. Mabwana hao walitaka mahali pa kujaribia magari, kwani wakati ule mji wao ulikuwa na viwanda vingi vya magari na barabara za kuyajaribia zilikuwa mbovu.

Walitandaza kokoto na lami wakafungua kiwanja kwa haraka. Mwezi wa Agosti 1909 magari yakaanza kushindana, na uso wa njia ukapasuka. Kokoto ziliruka usoni mwa watu, mashimo yakafunguka katika kona. Katika siku tatu walikufa watu watano: dereva mmoja, mafundi wawili waliopanda magarini, na watazamaji wawili. Hapo ndipo wenye kiwanja walipokubali kutumia fedha ambazo hawakutaka kuzitumia mwanzoni. Wanachama wetu waliofanya kazi migodini Kilembe watalitambua jambo hili upesi. Mara nyingi nguzo nzuri huletwa baada ya paa kuanguka.

Basi vuli ya mwaka ule ule yakaletwa matofali 3,200,000. Kila tofali lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 4. Yalipangwa kwa mkono juu ya kitanda cha mchanga, na mianya ikajazwa saruji. Kazi nzima ilichukua siku 63. Fanyeni hesabu wenyewe, ndugu zangu wa saruji: ni matofali zaidi ya 50,000 kila siku, mtu amepiga magoti, baridi ya huko inakaribia. Historia imehifadhi majina ya mabwana wanne niliowataja. Waliopiga magoti hawatajwi. Tangu mwaka 1961 karibu matofali yote yamefunikwa kwa lami, isipokuwa mstari mmoja wa upana wa yadi moja pale pa kuanzia na kumalizia. Siku hizi washindi hupiga magoti na kuubusu mstari ule. Mimi nikiona picha hizo hufikiri juu ya wale waliopiga magoti kabla yao bila kupigwa picha.

UTINGO WA GARI LA MBIO

Mbio za kwanza za maili 500 zilifanyika tarehe 30 Mei 1911. Magari 40 yalianza. Mshindi alikuwa Ray Harroun, mhandisi wa kiwanda cha Marmon, aliyetumia saa 6 na dakika 42. Wastani wake ulikuwa kilomita 120 kwa saa, mwendo ambao dereva wa teksi akichelewa kwenda Mbarara huupita bila kufikiri. Lakini jambo la kukumbuka juu ya Harroun ni kwamba alikuwa peke yake garini. Wengine wote walikuwa na fundi pembeni.

Fundi huyo alikuwa kama utingo wa lori, au tanboi kama tunavyosema huku kwetu. Kazi yake ilikuwa kupiga pampu ya oili kwa mkono, kutazama tairi kama zinalika, kusikiliza injini, na kugeuka nyuma kumwambia dereva nani anakuja. Wapinzani wa Harroun walilalamika kwamba mtu asiye na fundi hawezi kuona nyuma, na kwa hiyo atawaua wenzake. Harroun akafunga kioo kidogo mbele yake ili atazame nyuma. Kile kioo cha kutazama nyuma ambacho kila bodaboda wa Mpondwe anatakiwa awe nacho, na wengi wao wamekivunja wala hawajakinunua tena, kilipata sifa yake siku hiyo.

Siku hiyo hiyo, katika mbio hizo za kwanza, alikufa mtu mmoja. Hakuwa dereva. Alikuwa fundi, jina lake Sam Dickson, aliyetupwa nje gari lilipogonga. Kuanzia mwaka 1912 mpaka 1922, na tena kuanzia 1930 mpaka 1937, sheria ililazimisha kila gari lichukue fundi. Wengi wao waliumia na baadhi walikufa bila kushika usukani hata mara moja.

Mwaka 1912 ndiyo mbio ninazozipenda kuliko zote, ingawa anayesimuliwa hakushinda. Ralph DePalma aliongoza mizunguko 196 kati ya 200. Gari lake lilikuwa mbele sana hata watu walianza kuondoka. Kisha injini ikavunjika, mafuta yakamwagika, gari likafa katika mzunguko wa 199. DePalma na fundi wake, Rupert Jeffkins, wakashuka na kulisukuma gari kwa mabega mbele ya watu maelfu, huku Joe Dawson akiwapita na kushinda. Umati uliwashangilia wasukumaji kuliko mshindi. Tazameni picha hiyo kama mtaipata: katika kulisukuma, dereva na utingo wanafanana, jasho moja, mafuta yale yale usoni.

TAIRI ZATOKA WAPI

Gari la Harroun la mwaka 1911 lilikuwa na tairi za Firestone, za mji wa Akron katika jimbo la Ohio. Kampuni hiyo iliondoka katika mbio katikati ya miaka ya 1970, ikarudi mwaka 1995, na tangu mwaka 2000 magari yote ya mbio hizi hutumia tairi zake peke yake. Mwaka 1988 ilinunuliwa na Bridgestone ya Japani, lakini jina limebaki.

Ndugu wa mashambani, hapa ndipo pa kusoma polepole. Tairi ni mpira, na mpira hutoka kwa mgema. Mwaka 1926 Harvey Firestone alipata mkataba na serikali ya Liberia wa kuchukua ardhi mpaka ekari milioni moja kwa miaka 99, kwa kodi ya senti 6 za Marekani kwa ekari. Shamba kuu likaitwa Harbel, yaani jina lake na la mkewe Idabelle yameunganishwa. Kwa miaka mingi wagema wa Harbel walipewa mgao wa miti ya kugema kila siku, wakabeba utomvu kwa ndoo mbili zilizoning'inia katika mti begani, kama wanawake wetu wanavyobeba maji mtoni, lakini kwa mwendo wa mbali. Mgao ulikuwa mkubwa hata watu wengine walichukua wake na watoto kusaidia ili siku isikatwe katika mshahara. Anayekata miwa au kuchuma chai haitaji kuelezwa maana ya mgao.

Na huko Akron nako hali haikuwa nzuri sana. Wafanyakazi wa tairi waliunda chama chao cha mpira mwaka 1935. Januari 1936, katika kiwanda cha Firestone, watengeneza tairi walizima mashine na kukaa chini kando yake, wakakataa kutoka mpaka mwenzao aliyesimamishwa kazi arudishwe. Walikaa zaidi ya siku mbili, wakashinda. Mgomo wa namna ile, wa kukaa ndani badala ya kusimama langoni, ulienea viwanda vya magari vya Marekani mwaka huo na uliofuata. Sababu yake ni rahisi: ukisimama langoni tajiri huleta watu wengine, lakini ukikaa kwenye mashine yako hana pa kuwaweka.

Nawaunganishieni mambo haya mawili. Chama cha wafanyakazi wa mpira cha Akron kiliungana na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Marekani mwaka 1995. Chama hicho ndicho kilichowapa mkono wagema wa Liberia walipotaka kuchagua viongozi wao wenyewe badala ya viongozi waliokuwa karibu na wenye shamba. Mwaka 2007 wagema waligoma, wakapiga kura, na matokeo yakapingwa mahakamani. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ya juu ya Liberia ikasema uchaguzi ni halali. Mwaka 2008 wakatia saini mkataba wa pamoja wa kwanza waliojadiliana wenyewe kwa uhuru. Mgao wa kila siku ukapunguzwa, na ikakubaliwa kwamba utomvu ubebwe kwa gari badala ya bega. Ilichukua miaka 82 tangu ule mkataba wa senti 6.

Sasa kidogo juu ya tairi yenyewe, kwani vijana wa gereji wameuliza. Kwa kuwa gari hukata kushoto tu, tairi za kulia hubeba mzigo mkubwa na hulika zaidi. Tena tairi ya kulia ya nyuma hufanywa kubwa kidogo kuliko ya kushoto. Chukueni kikombe cha plastiki, kilazeni mezani na kukisukuma: kitaviringika kwa kupinda, kwa sababu mdomo ni mpana kuliko kitako. Ndivyo gari hilo linavyosaidiwa kupinda lenyewe. Katika njia iliyonyooka dereva hulishikilia lisipinde.

FUNDI ALIYEANDIKWA MFAGIAJI

Watu weusi hawakuruhusiwa. Chama kilichosimamia mbio hizo zamani kilikataa kuwapa leseni madereva weusi, ingawa katika gereji za mji huo huo mafundi weusi walikuwepo tele. Basi mwaka 1924 watu weusi wa Indianapolis, pamoja na wafadhili kadhaa, walianzisha mbio zao katika njia ya udongo ya maili moja kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa jimbo. Zilikuwa maili 100, mizunguko 100, na Frank Young, mwandishi wa michezo wa gazeti la Chicago Defender, alizipa jina la Dhahabu na Utukufu. Madereva walitoka miji mbalimbali, wengi wao wakiwa na magari waliyoyaunganisha wenyewe kwa vyuma vya kuokota.

Aliyewashinda wote ni Charlie Wiggins. Utotoni alipiga viatu rangi mbele ya gereji mjini Evansville, akaingizwa ndani kujifunza kazi, akawa fundi mkuu, akahamia Indianapolis na kufungua gereji yake. Aliunda gari lake kwa vipande kutoka jalala la magari. Alishinda mbio hizo mwaka 1926, kisha 1931, 1932 na 1933. Ufundi wake ulijulikana hata kwa wazungu. Mwaka 1934 Bill Cummings alimtaka amtayarishie gari la kwenda maili 500. Kwa kuwa mtu mweusi hakuruhusiwa kufanya kazi ya fundi katika kiwanja kile, Wiggins aliandikwa kuwa mfagiaji. Mchana alishika ufagio, usiku alishika spana. Cummings alishinda mbio za mwaka huo.

Ndugu zangu, ni wangapi katika matawi yetu wameandikwa kibarua katika karatasi, na wanafanya kazi ya fundi miaka kumi? Nimekuwa nikisimulia habari ya Wiggins katika mikutano, na kila mara mtu mmoja nyuma huinua mkono kabla sijamaliza. Tofauti ya mshahara kati ya neno moja na jingine katika karatasi ni kubwa kuliko tofauti ya kazi.

Mwaka 1936 magari mengi yaligongana mwanzoni mwa mbio za Dhahabu na Utukufu, na Wiggins akapoteza mguu wa kulia. Mbio hizo hazikufanyika tena. Yeye alijichongea mguu wa mti, akaendelea kutengeneza magari na kufundisha vijana, na kupigania mlango ufunguliwe, mpaka kifo chake mwaka 1979. Dereva mweusi wa kwanza kuanza maili 500 ni Willy T. Ribbs, mwaka 1991. Wanawake nao hawakuruhusiwa hata kuingia mahali pa mafundi mpaka mwaka 1971. Janet Guthrie aliendesha mwaka 1977, na Danica Patrick akawa wa tatu mwaka 2009.

MOTO USIOONEKANA

Mwaka 1964 madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald waliungua katika mzunguko wa pili. Magari yalibeba petroli nyingi. Baada ya hapo petroli iliachwa, ikatumika methanoli, ambayo ni aina ya spiriti. Faida yake ni kwamba moto wake huzimwa kwa maji matupu. Hasara yake ni kwamba mchana moto huo karibu hauonekani. Mwaka 1981 gari la Rick Mears lilishika moto wakati wa kutiwa mafuta, na watu walimwona yeye na mafundi wanaruka na kujipiga mwilini bila kuona ndimi. Wanachama wanaoshughulika na spiriti viwandani walikariri hili: ukiona mwenzako anajipigapiga bila sababu, mmwagie maji kwanza, uulize baadaye.

Mwaka 1973 ulikuwa mbaya kuliko yote ya karibuni. Art Pollard alikufa katika mazoezi. Katika mbio zenyewe Swede Savage aligonga ukuta, akaungua, akafa mwezi wa Julai. Gari la kuzima moto lilipokimbia kwenda kumwokoa lilipita njia ya mafundi kinyume na mwelekeo wa kawaida, likamgonga Armando Teran, kijana wa miaka 22, mfanyakazi wa timu, aliyekuwa anavuka. Alikufa siku hiyo. Gari la uokoaji likimwua mfanyakazi, hapo kosa haliwi la mtu mmoja, ni la utaratibu wa mahali pa kazi: nani anapita wapi, kwa mwendo gani, na nani amemwambia mwenzake. Siku hizi magari yana kikomo cha mwendo katika njia ya mafundi, na mafundi huvaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto.

Jambo jingine lililookoa watu wengi ni ukuta. Zamani ulikuwa zege tupu. Mwezi wa Mei 2002 kiwanja hiki kilikuwa cha kwanza kufungwa ukuta wa mabomba ya chuma ya mraba, na nyuma yake vipande vya povu gumu, uliobuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Gari likigonga, ukuta hukubali kidogo na kuinywa nguvu. Viwanja vingine vilifuata. Wiggins angefurahi kuuona.

MBIO ZIJAZO: MTAZAME NINI

Mbio hufanyika kwa kawaida kila mwaka Jumapili ya mwishoni mwa Mei, ile iliyo kabla ya Jumatatu ambayo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa. Zilikatizwa miaka ya vita tu, 1917 na 1918, kisha 1942 mpaka 1945. Wiki moja kabla yake magari hupimwa mwendo. Kila gari hutoka peke yake, likazunguka mara nne, na wastani wa hizo nne ndio hupanga nani anaanza mbele. Nafasi ni 33. Wakija zaidi, wa mwisho hurudi nyumbani. Mwaka 2024 Scott McLaughlin alipata nafasi ya kwanza kwa wastani wa kilomita karibu 377 kwa saa. Kwa mwendo huo mtu angetoka Kasese na kufika Mpondwe kabla chai haijapoa.

Injini ni za Chevrolet au Honda, ndogo kuliko mnavyodhani, lita 2.2 tu, pamoja na msaada wa umeme ulioingizwa mwaka 2024. Na mafuta? Wakata miwa, sikieni: tangu mwaka 2023 magari haya yanatumia ethanoli ambayo sehemu kubwa yake hutokana na mabaki ya miwa.

Mtazame upepo. Gari la mbele hukata upepo, na la nyuma hufichwa nyuma yake na kwenda kwa nguvu kidogo, kama waendesha baiskeli wa matoke wanavyojificha nyuma ya lori kwenye tambarare ya Kikorongo, jambo ambalo nawaomba waliache. Kwa sababu hiyo kuongoza mbele si lazima kuwa bahati. Josef Newgarden alishinda mwaka 2023 na tena 2024, na mara zote mbili alimpita mwenzake katika mzunguko wa mwisho. Mwaka 2025 Álex Palou alikuwa Mhispania wa kwanza kushinda, naye alipita karibu na mwisho. Hadi mwaka huo hakuna aliyeshinda mara tano. Walioshinda mara nne ni A.J. Foyt, Al Unser, Rick Mears na Castroneves.

Lakini nawashauri mtazame mafundi zaidi. Tangi huchukua lita 70 hivi, kwa hiyo kila gari husimama mara tano au sita. Watu sita huruka ukuta: wanne wa tairi, mmoja wa mafuta, mmoja wa kuinua gari kwa hewa. Hesabuni kwa saa zenu. Tairi nne na mafuta kwa chini ya sekunde 10. Mmoja akichelewa kufunga nati moja, dereva amepoteza kilomita nzima ya njia. Mwaka 2024 zawadi zote zilizidi dola milioni 18, na mshindi akaondoka na dola milioni 4.288, wale sita wako nyuma yake katika picha.

Mshindi hupewa chupa ya maziwa. Mwaka 1936 Louis Meyer, baada ya kushinda, aliomba maziwa ya mtindi kwa sababu mama yake alimwambia yanaburudisha siku ya joto, na watu wa maziwa hawakuiacha nafasi hiyo ya kutangaza mali yao. Dereva huulizwa mapema anataka maziwa ya namna gani. Mtindi wa Bwera hawaujui.

Kwa saa zetu mbio huanza kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku, na kumalizika karibu na saa tano. Walio zamu ya usiku watauliza matokeo asubuhi.